Nguo Yetu Isiiharibu Nchi Yetu

Hotuba ya kikundi cha wafumaji na washonaji wa Lumemo, iliyosomwa mbele ya wanachama katika sherehe ya kutimiza miaka 10 ya Muungano wetu wa Ushirika



Wakulima wa mpunga wamekwisha kusema juu ya maghala na mizani, nao wamesema vema, maana mpunga ndio mhimili wa bonde hili. Sisi tulio wachache, tunaoshika mkasi, cherehani na kitanda cha mfumi, tutasema juu ya nguo. Mtu asidhani ya kuwa nguo ni jambo dogo katika ushirika. Mwaka 1844, katika mji wa Rochdale nchini Uingereza, watu 28 walifungua duka lao la ushirika ambalo vyama vingi duniani vimelifanya mfano. Wengi miongoni mwao walikuwa wafumaji, tena wafumaji maskini. Basi tukisimama hapa twasimama katika nyumba ambayo wenzetu wa kazi yetu walisaidia kuijenga.

Tuna shauri la kueleza. Mkutano Mkuu utakapokutana baada ya sherehe hizi, utaulizwa ikiwa idara ya nguo ya Muungano wetu iache uzi na vitambaa vya pamba, na badala yake inunue tetroni kwa kazi zote, kwa kuwa tetroni ni nafuu. Walioleta shauri hili ni ndugu zetu, nao hawana nia mbaya. Wameangalia daftari la hesabu, wakaona faida ya nguo ni nyembamba. Sisi pia twalijua daftari hilo, kwa sababu ujira wetu umo ndani yake. Twaomba tu kwamba kabla ya kupiga kura, mizani iwekwe pande zote mbili, na kila gharama ipimwe, hata ile ambayo haiandikwi katika risiti.

Tulikotoka

Ufumaji si jambo geni katika nchi hii. Huko Kilwa vimefukuliwa vigae vya kusokotea uzi wa pamba, vyenye umri wa karne nyingi. Wafipa wa upande wa Rukwa walifuma nguo nzito za pamba kwa mikono yao. Katika karne ya 19 vitambaa vilivyofumwa Massachusetts viliteremshwa Unguja kwa wingi, hata jina la nchi likawa jina la nguo, yaani merikani. Kitambaa kile kilikuwa rahisi kwa bei, na vitanda vingi vya mfumi katika bara vikanyamaza. Hivi ndivyo bei nafuu iwezavyo kuua ufundi: mnunuzi hupata nafuu kwa siku chache, kisha wajukuu zake huwa hawana cha kufanya ila kununua.

Pamba nayo ina kumbukumbu chungu katika nchi yetu. Wakati wa Wajerumani watu walilazimishwa kulima mashamba ya pamba kwa kiboko na malipo madogo. Mwezi wa Julai mwaka 1905 watu wa Umatumbi waling'oa mipamba, na Vita vya Maji Maji vikaanza. Mwezi wa Agosti vita vilikuwa vimefika kwetu, na boma la Mahenge likashambuliwa. Katika miaka ya 1930 serikali ya Kiingereza ilihimiza pamba tena katika bonde la Kilombero. Wakulima wengi wakauchagua mpunga, kwa kuwa mpunga huuzwa na pia huliwa. Twayataja haya ili ieleweke kwamba hatuji kumwambia mkulima yeyote ang'oe mpunga apande pamba. Pamba tunayoitaka yalimwa kwa hiari na wenzetu wa kanda ya Ziwa, wa Shinyanga, Simiyu, Mwanza na mikoa ya jirani. Jambo la kusikitisha ni kwamba sehemu kubwa ya pamba hiyo husafirishwa nje ya nchi kabla haijasokotwa, kisha hurudi kwetu ikiwa nguo, na kazi yote iliyo katikati imefanywa na mikono ya wengine. Kiwanda cha Urafiki kilipofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968, nia ilikuwa kuuziba mwanya huo. Mwanya haujazibika, lakini kila jora la pamba tunalofuma hapa huupunguza kidogo.

Pamba na tetroni

Tetroni si uchawi, wala si laana. Ni uzi wa aina ya poliesta, uliobuniwa Uingereza mwaka 1941 na wataalamu wawili, Whinfield na Dickson, nao hutengenezwa kwa mafuta ya petroli. Una nguvu, haukunjiki upesi, hukauka haraka. Mzazi mwenye watoto watano wa shule anayo sababu ya kuupenda, nasi hatumlaumu. Nguo idumuyo miaka mitatu ni bora kuliko nguo mbili zilizochanika mwaka mmoja, hata kama hizo mbili ni za pamba tupu. Kudumu ni sehemu ya uhifadhi.

Walakini tetroni haiozi. Kipande cha pamba kikifukiwa shambani hugeuka udongo. Kipande cha tetroni hukaa huko hata mjukuu akikute na jembe lake. Tena kila ikifuliwa hutoa nyuzi ndogo mno zisizoonekana kwa macho, zikafuata maji. Nasi maji yetu twayajua yaendako. Lumemo huingia Kilombero, na Kilombero huupa mto Rufiji zaidi ya nusu ya maji yake, hata kwenye bwawa la Julius Nyerere na mikoko ya delta. Samaki tunaokula Ifakara hulelewa katika maji hayo hayo tunayofulia.

Wala tusiitukuze pamba kupita kiasi. Pamba ilimwayo kwa dawa nyingi za wadudu huwadhuru mkulima, nyuki wake na kisima chake. Kwa hiyo hatusemi "pamba" tu, bali twauliza pamba ya namna gani. Pamba ya nchi yetu ina sifa moja njema: kwa sehemu kubwa hutegemea mvua, wala haikaushi mito kwa umwagiliaji kama ilivyotokea katika nchi nyingine. Na iko iliyo bora zaidi. Wilayani Meatu, tangu mwaka 1994, wakulima wanaofanya kazi na kampuni ya bioRe hulima pamba ya kilimo hai, bila mbolea wala dawa za viwandani, na kwa kubadilisha mazao shambani ili udongo upumzike. Pamba hiyo imepata wanunuzi Ulaya walio tayari kuilipia zaidi. Ikiwa mnunuzi wa Uswisi aijua thamani ya pamba ya Meatu, kwa nini mfumaji wa Lumemo asiijue?

Tena pamba haina taka kwa asili yake. Kilo 3 za pamba yenye mbegu hutoa kama kilo 1 ya pamba safi. Zinazobaki kwa sehemu kubwa ni mbegu, na mbegu hukamuliwa mafuta, na mashudu hulishwa ng'ombe. Mmea wenyewe umetufundisha kutotupa.

Rangi na moto

Kitambaa kizuri chaweza kuharibiwa na sufuria ya rangi. Rangi za dukani si zote mbaya, ila maji yake yakimwagwa ovyo huenda mtoni. Twapendekeza mambo mawili. Kwanza, maji ya sufuria moja yatumike zaidi ya mara moja: rangi nzito itiwe kwanza, kisha nyepesi, mpaka maji yachoke, na yaliyochoka yapitishwe katika shimo la mchanga na mkaa kabla ya kuachwa. Shimo hilo haliyafanyi kuwa ya kunywa, lakini hupunguza madhara.

Pili, tuzirudie rangi za miti kwa kadiri zinavyofaa. Wazee wa pwani walitumia magome ya mikoko kwa rangi ya kahawia yenye wekundu, na mnili kwa buluu. Sisi tunayo majani machanga ya mtiki, ambayo hutoa wekundu, na maganda ya vitunguu, ambayo hutoa rangi ya dhahabu. Shabu kidogo huisaidia rangi ishike. Manjano pia hung'aa, lakini hufifia upesi juani, na mnunuzi yapasa aambiwe hivyo kabla hajalipa. Chapa ya ushirika ni neno la kweli. Likivunjwa mara moja, halirudi kwa tangazo lolote.

Moto wa kuchemshia nao ni gharama. Tangu mwaka 2011 kuokota kuni ndani ya Hifadhi ya Milima ya Udzungwa kumekatazwa, na mkaa ni ghali. Lakini penye vinu vya mpunga kuna vilima vya pumba, vinavyochomwa bure kandokando ya barabara. Majiko ya pumba yapo, na mafundi wetu wa mabati waweza kuyatengeneza. Basi mkulima wa mpunga na mshonaji washikane mikono: taka ya mmoja iwe kuni za mwenzake.

Mabaki ya mkasi

Sasa twafika katika jambo ambalo halimtegemei mfanyabiashara wa mbali wala kiwanda chochote, bali latutegemea sisi wenyewe. Kiasi cha nguo tunachokitupa ni fedha tuliyokwisha kuilipa. Tuseme fundi hukata gauni katika kitenge cha yadi 6, na nusu yadi ikaanguka chini kama vipande. Magauni 12 yatakuwa yameangusha yadi 6, yaani kitenge kizima kimetupwa, na bei yake imeongezwa juu ya wanunuzi wengine.

Mababu na mabibi zetu walilijua jambo hili. Kanga huvaliwa nzima. Doti hutenganishwa kwa mkasi mara moja na kupindwa, basi. Kikoi na shuka havina kipande kinachoanguka. Hata nyuzi za mwisho wa mtande, ambazo mshindio hauwezi kuzifikia, hazikukatwa zikatupwa: zilisokotwa zikawa matamvua, na matamvua yakawa pambo. Ndiyo maana mavazi ya kwanza tunayopendekeza yabebe chapa ya Muungano ni yale yafuatayo upana wa kitambaa kama kilivyotoka kitandani: vikoi, shuka, mitandio, na makanzu yanayokatwa kwa mistari iliyonyoka.

Kwa nguo za kukatwa, uko utaratibu. Vigezo vya karatasi ngumu vipangwe juu ya kitambaa kabla mkasi haujaguswa. Vipande vikubwa viwekwe kwanza. Kola, mifuko na mikanda vijaze nafasi katikati. Saizi mbalimbali zikatwe pamoja, kwa kuwa mkono wa sare ya mtoto wa darasa la kwanza huenea katika pengo linaloachwa na sketi ya dada yake wa darasa la saba. Na sare za watoto ziachiwe pindo pana, ili mwakani zishushwe badala ya kununuliwa nyingine. Mama zetu walifanya hivyo bila kuambiwa na mtaalamu.

Lakini twasema kwa uwazi, Bwana Mwenyekiti: fundi anayelipwa kwa idadi ya nguo tu hatajali vipande. Kupanga vigezo huchukua muda, na muda wake haulipwi. Tukitaka mkasi uwe na huruma, sharti kitambaa kinachookolewa kimfaidie anayekiokoa. Twaomba kwamba mapato ya vitu vinavyoshonwa kwa mabaki yagawanywe, na sehemu iende kwa mafundi waliokata.

Mabaki yenyewe yatengwe katika magunia mawili, la pamba na la tetroni, yasichanganywe. Vipande vikubwa vya pamba vitakuwa mifuko ya sokoni, ambayo ina soko tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku nchini tarehe 1 Juni 2019. Vya kadiri vitaunganishwa kuwa mablanketi ya viraka na mito. Vidogo vitajazwa katika mito hiyo, na vumbi la pamba isiyo na rangi kali litiwe katika mboji. Vipande vya tetroni vishonwe vishikio vya sufuria za baridi, kamba na vijazio. Visitiwe shambani, wala visiwashiwe moto jikoni, kwa maana moshi wake ni mbaya kwa mama na mtoto mgongoni.

Mafuriko ya Lumemo yalipoingia katika mitaa ya Ifakara mwaka 2024, wengi wetu tulishika majembe kuzibua mitaro. Katika matope yale tulikuta chupa, nailoni na matambara. Mvua hatuwezi kuizuia. Tambara letu twaweza kulizuia.

Mitumba na viraka

Wengine watauliza: mtafanya nini na mitumba? Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa hatua kwa hatua. Nchi nyingi zilirudi nyuma baada ya Marekani kutishia haki zao za biashara. Rwanda iliendelea na ushuru wake, na mwaka 2018 ikasimamishiwa nafuu ya kuuza nguo Marekani bila ushuru. Hatulihukumu jambo hilo la mataifa. Twajua tu kwamba mitumba ipo sokoni, na maskini huvaa kwayo. Iliyo ya pamba na bado imara twaweza kuifumua, kuikata upya na kuitia chapa yetu pasipo aibu. Na kila mwanachama aliyenunua nguo yetu apewe haki ya kuirudisha ishonwe au ipigwe kiraka kwa bei ndogo. Kiraka si alama ya umaskini. Ni alama ya mtu anayejua thamani ya kazi ya mwenzake.

Twaomba nini

Hatuombi Muungano utoe fedha kwa ajili ya ndoto. Twaomba Mkutano Mkuu ukubali mambo manne, kwa majaribio ya mwaka mmoja.

La kwanza, vikoi, shuka, mitandio na nguo za nyumbani ziendelee kuwa za pamba tupu, na robo ya uzi wake ijaribiwe kuwa ya kilimo hai, inunuliwe kwa pamoja ili bei ishuke. Chama cha Wanawake Wafumaji wa Ifakara, kilichofuma pamba kwa mikono kwa miaka mingi, ni jirani yetu. Yafaa tukaagize uzi pamoja nao.

La pili, sare za shule zishonwe kwa kitambaa mchanganyiko pale mzazi anapokitaka, mradi kiwe imara, chenye pindo pana, na kirudishwe kwetu kikichakaa.

La tatu, kiwekwe kitabu cha mabaki. Kila Jumamosi magunia yapimwe, na uzito wake uandikwe kando ya idadi ya yadi zilizokatwa wiki hiyo. Asiyepima hajui kama anapungukiwa.

La nne, nguo zishonwe kwa maagizo, si kwa kubahatisha. Nguo iliyokosa mnunuzi ni taka kubwa kuliko zote, maana ina ndani yake pamba, rangi, moto, ujira na matumaini.

Mwaka ukiisha, kitabu kitafunguliwa mbele ya wanachama. Ikiwa hasara imezidi faida, tutakuwa wa kwanza kusema shauri letu limeshindwa, na tetroni ipewe nafasi yake. Lakini tukiiacha pamba kabla ya kuijaribu kwa utaratibu, vitanda vitano vilivyopo Lumemo vitafunguliwa na kuwa kuni, na vijana tuliowafundisha kutanda na kufuma watapanda gari kwenda kutafuta vibarua mjini. Ujuzi ukiondoka na mwenye nao, haununuliwi dukani.

Ndugu zetu, katika miaka 10 Muungano huu umemwezesha mkulima kuujua uzito wa gunia lake. Sasa twaomba kuujua uzito wa gunia letu pia, lile la vipande. Gunia hilo likipungua mwaka hata mwaka, mtajua kuwa kazi inakwenda vema.

Twawatakia wanachama wote afya njema, mvua za kiasi na mavuno mema.